Kuvuka mpaka na begi mgongoni: mwongozo wa kwenda Malawi na Zambia kutokea Mbeya

Aliyezaliwa Mbeya, Rungwe au Mbozi ana nchi mbili za kigeni karibu naye kuliko Dar es Salaam. Kutoka Mbeya mjini hadi mpaka wa Malawi pale Kasumulu hazifiki kilomita 120, na hadi Tunduma, mlango wa Zambia, ni kilomita mia na kidogo. Dar ni zaidi ya 800. Hata hivyo, safari ya nje bado tunaiona kuwa ya mfanyabiashara, mwanafunzi wa chuo au mgonjwa anayepelekwa kutibiwa. Kwenda kuona tu, kwa nauli yako mwenyewe, bila kampuni ya utalii na bila mwenyeji anayekusubiri, wengi hawajaifikiria. Mwongozo huu ni kwa ajili ya huyo anayeanza kuifikiria, hasa kijana mwenye likizo fupi na fedha za kuhesabu.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: ikate safari vipande. Usitafute basi moja la kukutoa Mbeya hadi Lilongwe au Lusaka. Panda gari la kwenda mji unaofuata, shuka, kula, lala, kisha tafuta jingine. Sehemu kubwa ya usumbufu unaosimuliwa kuhusu mipaka hii humpata mtu mwenye haraka, na karibu kila kinachofurahisha humpata yule aliyejipa muda.

Hatua ya 1: Karatasi

Pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha, na kurasa tupu za kutosha mihuri. Kama huna, anza maombi mapema kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Uhamiaji, kisha upeleke nakala zako ofisini. Cheti cha kuzaliwa ndicho huwachelewesha wengi, kwa hiyo kama chako kimepotea, shughulikia hicho kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Mtanzania hahitaji viza kwenda Malawi wala Zambia kwa matembezi. Lakini kutohitaji viza hakumaanishi kukaa utakavyo. Afisa atakugongea muhuri na kukuandikia siku, nawe utazihesabu hizo alizoandika, si zile alizopewa rafiki yako mwaka jana.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hutambulika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiende kuchanjwa siku moja kabla ya safari. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, kadi hiyo hudumu maisha yote. Ukikutana na mtu anayekuambia yako imepitwa na miaka kumi, mweleze hivyo kwa upole. Piga picha za pasipoti na kadi, uzihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe yako.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Kwa safari ya kwanza ningekushauri Kasumulu. Umbali ni mfupi, na ng'ambo kuna Ziwa Nyasa, ambalo barabara hulifuata kwa sehemu kubwa hadi Chitimba. Tena watu wa pande zote mbili wanafanana. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanasikilizana kila mmoja akiongea lugha ya kwao, kwa hiyo mtu wa Rungwe atakuwa nje ya nchi huku bado anajibiwa "ndaga" akishukuru.

Tunduma inamfaa mwenye siku nyingi. Zambia ni pana, na kutoka Nakonde, mji wa ng'ambo ya Tunduma, hadi Lusaka ni takribani kilomita elfu moja.

Kuhusu majira: mvua huku huanza Novemba na kwenda hadi Mei, na Tukuyu ni mojawapo ya sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini. Aprili mabonde ya Kyela hujaa maji. Juni hadi Oktoba ndio wakati mzuri, ila Juni na Julai asubuhi ya Mbeya au Makete inauma.

Hatua ya 3: Begi

Liwe dogo kiasi cha kulipakata kwenye kosta. Begi likienda juu ya keria au kwenye buti, konda atalitoza, na wewe utasafiri shingo imegeuka nyuma.

Baridi na joto vitakupata siku moja. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati ziwa liko chini ya mita 500. Utaondoka na sweta na kufika Kyela umelifunga kiunoni. Basi vaa nguo juu ya nguo, na uweke kitenge au shuka jepesi: ni shuka kwenye gesti, taulo ziwani na pazia dirisha likikosa. Neti ya mbu ibebe kama unayo, kwa maana Kyela na Karonga zina malaria ambayo mtu aliyekulia Makambako au Mafinga hakuizoea. Ongeza tochi, chaja ya akiba na kalamu. Kalamu ni muhimu. Fomu za mpakani zipo, kalamu za mpakani hazionekani.

Usibebe gunia la mchele kama zawadi. Bidhaa za shamba huingia katika mivutano ya kibiashara. Machi 2025 Malawi ilizuia mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, Tanzania ikajibu mwezi uliofuata, hadi mazungumzo yakalegeza mambo Mei. Zawadi nzuri ni majani ya chai ya Tukuyu, pakiti mbili tatu za dukani.

Hatua ya 4: Fedha

Malawi na Zambia zote hutumia fedha inayoitwa kwacha, lakini ni fedha mbili tofauti na thamani zake ziko mbali sana. Ukipanga kupita nchi zote mbili, tenganisha mifuko.

Kabla ya kuondoka, tazama viwango vya siku hiyo kwenye simu na uviandike kwenye karatasi: shilingi elfu kumi ni kwacha ngapi za Malawi, ngapi za Zambia. Karatasi hiyo itakusaidia sana pale wabadilishaji watakapokuzunguka, kila mmoja na kikokotoo chake, maana kikokotoo kilichoshikwa na mwingine kinaweza kuchezewa. Kokotoa kwa simu yako. Pokea fedha yao kwanza, ihesabu mwenyewe, iweke mfukoni, ndipo utoe yako. Akiomba aihesabu tena kwa kuwa "amekosea", usimrudishie. Mwambie mmemalizana au mvunje biashara yote. Ni katika kuhesabu mara ya pili noti hupungua.

Badilisha kidogo tu mpakani, ya nauli, chakula na usiku mmoja. Nyingine badilisha benki au duka la fedha mjini.

Kwa Zambia, jua sura ya noti. Mwaka 2013 walifuta sifuri tatu, kwa hiyo ukiona noti ya kwacha 50,000 ni karatasi ya zamani isiyonunua kitu. Machi 2025 zilitoka noti mpya, zikiwamo za 200 na 500 ambazo hazikuwapo. Dola chache za akiba ni jambo jema, ziwe safi, zisizochanika, za matoleo ya karibuni.

Hatua ya 5: Siku ya kuteremka

Magari ya Tukuyu na Kyela yatafute stendi ya Nane Nane, upande wa Uyole, ambako barabara huiacha ile kuu ya Dar na kushika kusini. Mtu anayetoka Iringa au Njombe hana sababu ya kuingia mjini kabisa, ashuke Uyole.

Hapo stendi utakutana na wapiga debe, na miongoni mwao wamo watakaokuuzia tiketi ya "moja kwa moja hadi Lilongwe". Utalipa nauli yote, utapakiwa kwenye kosta ya kawaida, na ukifika mpakani hakuna gari linalokusubiri wala mtu wa kumuuliza. Lipa hadi pale gari unaloliona kwa macho linapoishia, basi. Tena uliza vizuri: gari linafika Kasumulu penyewe au linakwenda Kyela? Barabara inagawanyika, na gari la Kyela litakuacha njia panda ukamalizie kwa bodaboda. Si vibaya, mradi ulijua na nauli yake uliipanga.

Sasa, kipande hiki usikipite umelala. Kutoka Uyole barabara hupanda milima ya Uporoto kwenye viazi na kabichi, kisha huteremka Rungwe kwenye migomba, parachichi na mashamba ya chai. Wanaouza ndizi mbivu, karanga na mahindi ya kuchoma watakufikia dirishani kila gari linaposimama. Mwenye siku moja ya ziada alale Tukuyu. Kutoka hapo utakwenda Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliojilaza juu ya mto Kiwira bila mkono wa mtu, na Kijungu, mahali mto huohuo unapozamia kwenye shimo la mwamba kwa kishindo. Ukipenda kutembea, panda kwenda Ziwa Ngozi kutokea Isongole, pamoja na mwongozaji: njia ya msituni inateleza na ukingo wa kreta ni mkali.

Mwenye siku mbili aende Matema. Usafiri wa kutoka Kyela kupitia Ipinda ni wa kubanana, lakini unaishia kwenye ufukwe ulio chini kabisa ya milima ya Livingstone, wenye maji safi na vyungu vya Wakisi vilivyopangwa tayari kuvushwa kwa mitumbwi. Mimi sijaona sababu ya mtu kuvuka kwenda kutafuta fukwe za Malawi kabla hajaoga Matema.

Baada ya hapo, lala Kyela. Kula wali wa Kyela uliopikwa Kyela, na ndizi, na samaki. Chumba cha gesti cha kawaida kinatosha; angalia tu neti haina matundu, mlango unafunga kwa ndani, na maji yapo. Uende mpakani asubuhi.

Hatua ya 6: Getini

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu ukikwama, una mchana mzima wa kukwamuka. Afisa hajachoka, wabadilishaji hawajaanza kufunga, magari ya Karonga yapo, na ukilazimika kurudi Kyela kutafuta karatasi fulani utarudi ukavuka siku hiyohiyo. Anayefika jioni humlipa kila mtu anachotaka, kwa sababu giza linamkimbiza.

Ukishuka, watakuja vijana wa kukubebea begi, wa bodaboda, wa fedha na wa "nitakusaidia muhuri, bosi". Wasalimie, waambie asante, tembea. Hakuna mtu wa kukusaidia kugongewa muhuri. Hiyo ni kazi ya afisa aliye dirishani na hailipiwi. Pasipoti usimpe mtu yeyote asiye ndani ya ofisi.

Utaratibu ni mfupi. Upande wa Tanzania unagongewa muhuri wa kutoka. Unatembea darajani, mto Songwe chini yako. Upande wa Malawi watu wa afya wanaweza kuomba kadi, kisha uhamiaji, kisha forodha watakaotaka kuona begi. Jibu maswali kwa ufupi na ukweli: unakwenda wapi, siku ngapi, utalala wapi. Kwa hiyo uwe na jina la mji na la gesti, hata kama ni usiku wa kwanza tu. Kusema "natembea tu" bila mahali pa kulala ndiko kunakozaa maswali mengine kumi. Sema unatalii, unataka kuona Karonga na Nkhata Bay. Ni jibu halali.

Usiondoke dirishani kabla hujasoma muhuri wako: tarehe sahihi? siku zimeandikwa? Muhuri wa kuingia ukikosekana utajua siku ya kutoka, na siku hiyo hutakuwa na wa kumlaumu mbele ya afisa mwingine.

Na hili nalisema kwa uzito, hasa kwa Tunduma, ambako mji umeungana na Nakonde hadi mgeni hajui nchi imeishia wapi: utaona kina mama na beseni, watoto wa shule, vijana na baiskeli wakivuka bila kusimama popote. Usiwafuate. Wao ni wakazi, wanafahamika, na jioni wamerudi. Wewe ukienda kilomita hamsini ndani, kwenye kizuizi cha polisi, pasipoti bila muhuri inakufanya mhamiaji haramu kama wengine wote.

Ukiombwa "ya soda" na mtu mwenye sare, omba risiti kwa adabu na usubiri. Usipandishe sauti. Ukiwa umewahi asubuhi unaweza kusubiri, na kusubiri peke yake humaliza mengi.

Hatua ya 7: Saa, laini, na gari la Karonga

Rudisha saa nyuma kwa saa moja. Malawi na Zambia ziko nyuma yetu. Tena wao huhesabu saa kwa Kizungu, na ukiambiwa na Mmalawi anayejaribu Kiswahili kuwa basi ni "saa tisa", huenda ni saa tatu asubuhi. Mwombe aiandike.

Laini yako ya nyumbani itashika mtandao karibu na mpaka, kisha itaanza kula salio kwa kasi. Nunua laini ya huko. Husajiliwa kwa pasipoti, dakika chache tu.

Magari ya kwenda Karonga ni teksi za kuchangia na mabasi madogo, nayo huondoka yakijaa. Umbali hauzidi kilomita 50, lakini vizuizi vya polisi vipo, kwa hiyo pasipoti iwe mfukoni, isiwe chini ya begi. Panda lililobakiza nafasi mbili, si lile tupu lenye muziki mzuri.

Karonga ina makumbusho yenye mifupa ya Malawisaurus, dinosaria, mjusi mkubwa wa kale, aliyechimbuliwa huko huko kaskazini mwa Malawi. Sokoni utakuta usipa, ambao ni dagaa kwa jina jingine, na mchele unaoitwa Kilombero. Ndiyo, Kilombero yetu ya Morogoro, imeota mizizi Karonga na watu wanajivunia. Ukifika hapo umeshazawadiwa: umeketi kwa mama muuza nsima, ambayo ni ugali, unaulizwa habari za nyumbani kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kitumbuka, na wewe unajifunza kusema "yewo" badala ya asante. Mbele zaidi, kutoka Chitimba, barabara ya kona ishirini hupanda hadi Livingstonia, misheni iliyohamia mlimani mwaka 1894. Gari ni chache. Anza kupanda alfajiri, na maji ya kutosha.

Kwa wanaokwenda Tunduma

Njiani, wilayani Mbozi, kuna kimondo kijijini Ndolezi, pande la chuma la mita tatu hivi lililotoka angani. Bodaboda kutoka barabara kuu atakupeleka na kukurudisha. Patana kabla, na nauli iwe ya kwenda, kusubiri na kurudi.

Tunduma yenyewe ni foleni ya malori ya kwenda na kutoka Kongo na Zambia. Usimtegemee dereva kukufikisha getini; foleni ikianza, shuka utembee. Tangu mwaka 2019 kuna kituo cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, na kwa mtembea kwa miguu imerahisisha sana.

Ipo pia reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, inapita Mbeya na Tunduma. Ratiba yake hubadilika na safari husitishwa mara kwa mara, kwa hiyo nenda stesheni, iliyo nje kidogo ya mji barabara ya Tunduma, ukaulize mwenyewe kabla ya kupanga lolote. Ikiwa inatembea na una muda, ipande. Ikichelewa saa tano au kumi, ndani utakuwa na kitanda, dirisha linalofunguka, na wauza ndizi, mihogo na asali wanaokuja hadi kwenye behewa katika kila stesheni. Maofisa wa uhamiaji hukufuata humohumo.

Kurudi

Tumia au badilisha kwacha zako upande ule ule, kabla ya muhuri wa kutoka. Ukifika Mbeya mjini hutapata wa kuzinunua kwa bei ya maana. Kumbuka saa: saa kumi na moja jioni ya Karonga tayari ni saa kumi na mbili Kasumulu, jua linazama, na kosta za mwisho za kupanda Tukuyu zinajaza. Panga kuondoka Karonga asubuhi kama ulivyokuja. Hakikisha Tanzania nao wamekugongea muhuri wa kuingia, maana wengi wakishasikia Kiswahili getini hupitiliza wakidhani wamefika nyumbani. Ukikosa kosta, lala Kyela tena, wali upo.